Kabla ya programu mpya, fuateni ankara

Ndugu, umesema wasambazaji wenu wanasubiri malipo hadi miezi miwili, na bosi anataka kununua programu mpya ya uhasibu. Mwombeni asubiri kwanza. Mkiuhamishia mlolongo uleule wa hatua za malipo kwenye kompyuta, mtachelewa vilevile.

Ford walipitia hilo miaka ya 1980. Idara yao ya kulipa wasambazaji Amerika ya Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, na mpango wa awali ulikuwa kuwapunguza kwa asilimia 20 kwa msaada wa kompyuta. Wakaitazama Mazda: kazi hiyo inafanywa na watu 5! Hata ukizingatia kwamba Mazda ni ndogo, pengo lilikuwa kubwa mno. Muda mwingi Ford ulikuwa unaishia kwenye kusuluhisha karatasi zisizolingana: ya kuagiza, ya kupokea mzigo, na ankara. Basi wakaiondoa ankara kabisa. Mzigo ukifika, karani wa mapokezi anaangalia oda kwenye mfumo. Ukilingana anaupokea na malipo yanaandaliwa, usipolingana unarudishwa. Watumishi wa idara wakapungua kwa asilimia 75.

Kwenu, chukua ankara moja iliyochelewa uifuate meza kwa meza, ukiandika ilifika lini, ikaondoka lini, nani alitia sahihi. Kwa kila sahihi uliza: huyu amewahi kukataa chochote? Na uongee na karani wa stoo kabla ya mameneja, maana yeye ndiye anayeona karatasi zinakwama wapi.