Kaka alisubiriwa, mimi nilirudishwa kwetu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Mdogo wake kajifungua, wiki ya tatu kalazwa wodi ya akili, na wakwe tayari wanaulizia mahari. "Wewe ulitokaje, dada?" Nilicheka, kisha nikalia. Kwetu tumelazwa wawili.

Alitangulia kaka, akiwa na miaka 22. Bangi, na sauti za watu asiowaona. Vijana wanne walimpeleka kwa kamba. Mama alipanda daladala mbili kila siku na hotpoti la wali maharage, na mchumba wake akawa anamfulia. Siku anaruhusiwa, kuku alichinjwa.

Zamu yangu ilikuja mwanangu akiwa na siku kumi na mbili. Usiku wa nne bila usingizi nikaamini nimebadilishiwa mtoto. Wodi ya wanawake tulikaa mkekani tukisukana. Kelele zilikuwa upande wa wanaume, na wauguzi walikimbilia huko. Mimi niliyenyamaza niliandikiwa "ametulia", na kumbe nilikuwa naoza ndani. Mume wangu alikuja mara mbili. Mara ya pili aliniletea nguo zangu zote kwenye begi, hata za kipupwe. Nikaelewa.

Sasa ushauri, ndugu yangu. Mdogo wako asiponyamaziwa atapona. Ugonjwa huu wa kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua (saikosisi) humpata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, ni wa dharura, na wengi hupona kabisa. Ila mimba ijayo unaweza kurudi, kwa hiyo kliniki waambiwe mapema, wasisubiri uchungu.

Muulizeni daktari kuhusu kunyonyesha kabla hamjamwachisha mtoto kwa kubahatisha. Muulizeni na kuhusu hedhi. Risperidoni, dawa ya kutuliza sauti na mawazo yasiyo ya kweli, inaweza kuikata na kutoa maziwa kwa mtu asiyenyonyesha. Mwenzangu wodini alidhani karogwa. Valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hudhuru mtoto tumboni, na msichana anastahili kuambiwa hilo kabla ya kuandikiwa, siyo baada ya kushika mimba.

Wanaume nao msidhani wamepona kwa sababu ya kuku. Kaka aliacha sindano yake ya kila mwezi, akalazwa tena mara mbili. Tulimwita mkaidi. Miaka sita baadaye ndipo akaniambia, akitazama ukuta: dawa ilimmaliza nguvu za kiume, na nani angemwambia, mama? Daktari alibadilisha dawa, basi. Miaka sita!

Na nyie wakwe: mgonjwa wa malaria hamumrudishi kwao na begi. Mimi leo nauza vitenge, mwanangu yuko darasa la pili, na yule bwana bado hupiga simu kuuliza kama "bado nakunywa vile vidonge". Nakunywa. Nalala masaa manane kamili. Yeye je?

Jumamosi, dada, ukienda kumwona mdogo wako wodini, usiende na maswali ya mahari. Mpelekee kitana na mafuta ya nazi, ukae mkekani, umsuke.