Maswali ya Wasomaji: Xbox ya Kuletewa au PlayStation 5 ya Kununua?

SWALI: Mhariri, wanangu wawili, wa miaka 14 na 9, wamekuwa wakichezea PlayStation 4 ambayo siku hizi huzima yenyewe ikipata joto. Wanataka PlayStation 5. Kaka yangu anayeishi Dallas amejitolea kuwanunulia Xbox Series X na kumpa mtu anayekuja Nairobi mwezi wa Desemba, akisema kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue naye amenishauri nichukue PlayStation 5 isiyo na sehemu ya diski, kwa kuwa bei yake ni nafuu na diski, kwa maneno yake, zimepitwa na wakati. Runinga yetu ni ya inchi 32. Nimsikilize nani?
– Mama wa wawili, Donholm

JIBU: Mama, kwa upande wa nguvu kaka yako hakukosea. Xbox Series X hufikia teraflopu 12 (yaani hesabu trilioni 12 kwa sekunde) na PlayStation 5 hufikia takriban 10.3, lakini mashine hizi zilizoingia sokoni pamoja mwezi wa Novemba 2020 huchezesha michezo mingi ileile, na tofauti ya picha, pale inapokuwepo, huonekana kwenye runinga kubwa yenye picha kali ya 4K wala si kwenye inchi 32 za kawaida. Kwa hiyo suala la nguvu tuliweke kando, tuulize wanao wana diski gani na wanacheza na nani.

PlayStation 5 yenye sehemu ya diski husoma karibu diski zote za PlayStation 4, na hivyo michezo mliyokwisha kuilipia itaendelea kutumika, ilhali Xbox haitasoma hata mmoja kati yake. Wenzao mtaani, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Nairobi, bila shaka wana PlayStation, na ingawa michezo kadhaa, ukiwemo ule wa kandanda wa EA Sports FC, huwaruhusu wenye mashine tofauti kukutana mtandaoni, diski na padi haziazimani kati ya kampuni moja na nyingine.

Kuhusu muuzaji wako, sikubaliani naye. Hapa jijini diski ni mali: ukiichoka unaiuza, unaibadilisha kwa nyingine au unamwazima jirani, lakini mchezo uliopakuliwa hubaki umefungwa kwenye akaunti yako na hauna bei ya mkono wa pili. Isitoshe, mchezo mkubwa unaweza kufikia gigabaiti 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde utahitaji takriban saa 22 kuupakua, ikiwa umeme hautakatika na hakuna mwingine nyumbani anayetazama video. Diski haiondoi kabisa haja ya intaneti, maana michezo mipya hudai masasisho, ila mzigo hupungua sana. Ikiwa bei ndiyo kikwazo, muulize kama anachouza ni umbo jembamba lililotoka mwaka 2023, kwa sababu hilo laweza kuongezewa kisoma diski kinachouzwa peke yake. Lile la mwaka 2020 lisilo na diski litabaki hivyo daima.

Lipo jambo moja linaloweza kuipandisha Xbox, nalo ni Game Pass, huduma iliyoanzishwa mwaka 2017 ambayo kwa ada ya kila mwezi humfungulia mchezaji maktaba kubwa ya michezo. Hata hivyo, ada hiyo ni ya fedha za kigeni na michezo yenyewe hupakuliwa, kwa hiyo muulize kaka yako, kwa upole, kama atakuwa tayari kuilipa mwaka ujao pia. Asipokuwa tayari, mwombe abadilishe zawadi alete PlayStation 5 yenye diski. Umeme wetu wa volti 240 hautaidhuru, kwani imeundwa kupokea volti 100 hadi 240, na kitakachohitajika ni waya wenye plagi ya pini tatu. Diski za michezo za Nairobi zitachezeka humo. Filamu za DVD na Blu-ray ndizo zinazobanwa na maeneo ya mauzo.

Na kabla ya yote, ipeleke PlayStation 4 kwa fundi. Kuzima kwa sababu ya joto mara nyingi hutokana na vumbi kwenye feni au dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, na kusafisha kunagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Huenda mdogo akabaki nayo, ugomvi ukapungua.

SWALI: Nataka kufungua kibanda cha gemu. Fedha nilizo nazo zinatosha PlayStation 5 moja au PlayStation 4 mbili zilizotumika. Nichukue zipi?
– Kijana wa Roysambu

JIBU: Chukua mbili. Wateja wako watalipia mechi, na viti viwili vya ziada vinaingiza fedha zaidi kuliko picha nzuri. Tena EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, bado ilitengenezewa PlayStation 4. Tenga fedha za kibali cha biashara cha kaunti na za kifaa cha kuzilinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Unaponunua, usiridhike na kuona taa ikiwaka: chomeka padi zote na ucheze mechi kadhaa palepale dukani, kwa sababu hitilafu ya joto haijitokezi katika dakika mbili za kwanza.