Ndege isiyo na rubani, droni na rangi za mabaka: jibu kwa mwalimu wa historia

SWALI: Naandaa maelezo ya historia ya vita vya karne ya 20 kwa wanafunzi wa sekondari. Mwanafunzi mmoja aliandika “ndege asio na rubani alitengenezwa mwaka 1918”, mwenzake akaandika “droni ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1918”. Yupi yuko sahihi? Pili, zile rangi za kijani na kahawia zinazopakwa kwenye ndege na magari ya vita zinaitwaje kwa Kiswahili? Walimu wenzangu wengine wanasema “mabaka”, wengine “rangi za kujificha”. Mwisho, ndege hutunguliwa au hudunguliwa? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali. Nianze na upatanisho wa kisarufi, maana huko ndiko kosa la wazi liliko. Neno “ndege” lina maana mbili katika umbo moja, na kinachozitenganisha ni viambishi vinavyolifuata. Ndege mwenye uhai huchukua a- na wa-: ndege ametua mtini, ndege wametua. Ndege ambayo ni chombo huchukua i- na zi-: ndege imetua uwanjani, ndege zimetua. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza, aliyeandika “ndege asio na rubani alitengenezwa”, amekipa chombo uhai. Tena amekosea kirejeshi chenyewe: hata kwa kiumbe hai mmoja tunasema “asiye”, na “wasio” ni ya wengi. Alitakiwa kuandika “ndege isiyo na rubani ilitengenezwa”. Angalia pia tahajia. Ni “isiyo”, si “isio”, kosa ninaloliona hata kwenye maandishi ya ofisi.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi viambishi hivyo vinavyofanya kazi, wape sentensi kutoka mashamba ya mpunga, ambako siku hizi dawa ya kuwaua kweleakwelea hunyunyizwa kutoka angani: “Ndege hiyo iliwanyunyizia dawa ndege hao.” Hakuna atakayejiuliza nani kamnyunyizia nani. Kifaru nacho kinafuata njia hiyohiyo. Kifaru wa mbugani amejeruhiwa, kifaru cha jeshi kimeharibika. Mwanafunzi anayeandika historia ya vita atakutana na jozi hii mara nyingi kuliko ya ndege.

Wingi je? Andika “ndege zisizo na rubani”, na neno rubani libaki katika umoja. Kiswahili husema watoto wasio na baba, nyumba zisizo na choo, kwa sababu kila mtoto hukosa baba mmoja na kila nyumba choo kimoja. “Zisizo na marubani” haivunji sarufi, ila humfanya msomaji asite bila sababu.

Sasa tuje kwenye historia, maana hapo wanafunzi wako wote wawili wanahitaji msaada. Chombo cha mwaka 1918 wanachokizungumzia bila shaka ni kile cha Charles Kettering, kilichojaribiwa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, na kupewa jina la utani la Mdudu. Kilikuwa na mabawa, injini na baruti za kiasi cha kilo 80, na kilikusudiwa kusafiri hadi kilomita 120. Kabla ya kukirusha, mafundi walipima upepo na umbali, wakakokotoa injini ingepaswa kuzunguka mara ngapi hadi kufika shabahani. Mizunguko hiyo ilipotimia, injini ilizimika, vishikizo vya mabawa vikafyatuka, mabawa yakachomoka na kiwiliwili kikaanguka na shehena yake ya baruti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha kabla hakijatumiwa.

Tazama vizuri kinachoendelea hapo. Kikishaondoka, hakuna mtu anayekiongoza, wala hakuna anayetarajia kirudi. Ndiyo, ni ndege isiyo na rubani kwa maana ya maneno yenyewe. Lakini jeshi la Marekani lilikiita topido ya angani, na kwa Kiswahili cha leo ningekiita kombora lenye mabawa. Kiko karibu zaidi na makombora ya V-1 ambayo Ujerumani iliyaelekeza London kuanzia Juni 1944 kuliko na droni unayoiona ikipiga picha za harusi. Mwanafunzi wa pili, aliyeandika “droni ya kwanza”, amebeba neno la leo akaliweka juu ya chombo ambacho waliokitengeneza hawakukiita hivyo.

Jina hilo lilikuja baadaye, na safari yake inafaa kufundishwa. Mwaka 1935 Waingereza walitengeneza ndege iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wa kutungulia ndege wapate shabaha ya kufanyia mazoezi. Waliiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Aliyeiongoza alikaa chini na kuitumia amri kwa kuzungusha kidude cha namba kama kile cha simu za zamani: namba hii kata kushoto, namba ile panda juu. Mwaka uliofuata, jeshi la majini la Marekani lilianza mradi wake wa ndege za shabaha chini ya ofisa Delmar Fahrney, na huko ndiko jina la nyuki dume, kwa Kiingereza “drone”, lilikoshika, kwa kumfuata malkia yule wa Uingereza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba “ndege nyuki”, jina linalosikika zaidi Tanzania, ni la kubuni tu, mwambie limekaribia asili kuliko anavyodhani. Nalipenda jina hilo kwa sababu moja zaidi: Kiswahili kilishawakutanisha nyuki na vita zamani. Mzinga ni makao ya nyuki, na mzinga ni silaha.

Ila kuna jambo kuhusu Queen Bee linalogusa swali lako moja kwa moja. Ndege hiyo ilibaki na kiti cha rubani. Ilipohitajika kuhamishwa au kufanyiwa majaribio, mtu alipanda akairusha kwa mikono yake. Siku hiyo ilikuwa na rubani, kesho yake haikuwa naye. Na hata asipokuwamo, yuko anayeiongoza kutoka chini. Ndiyo maana nashauri “ndege isiyo na rubani” itumike kama maelezo, pale msomaji anapohitaji kujua kwamba ndani hamna mtu, na “droni” au “ndege nyuki” itumike kama jina la chombo. Zote mbili huchukua i- na zi-: droni hii, droni hizi, ndege nyuki imeanguka, ndege nyuki zimeanguka. Usiseme “ndege nyuki ameanguka” eti kwa kuwa nyuki ana uhai. Neno linalotawala hapo ni ndege, na nyuki linalipambanua tu. Katika maandishi ya historia ningekuwa mkali zaidi: chombo kinachorushwa kisirudi ni kombora, kinachoongozwa ili kipigwe mazoezini ni ndege ya shabaha, na droni zianze pale wenyewe walipoanza kuziita hivyo.

Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla halijapaa. Rubani alikuwa mtu anayejua mikondo na miamba, anayekiongoza chombo kiingie bandarini salama.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani Kiswahili hakina la kusema hapo, wakakimbilia neno la kigeni. Tatizo letu si uhaba. Tunalo rundo la vitenzi, na tunavichanganya.

“Mabaka” hueleza sura: vipande vya rangi vilivyotapakaa bila mpango. Ukisema sare za mabaka, kila mtu anaelewa. Lakini neno hilo halisemi rangi zinafanya kazi gani. “Rangi za kujificha” inasema kazi, ila inaleta kasoro ndogo: ndege haijifichi, inafichwa na watu walioipaka rangi. Kiswahili kina njia safi ya kulisema hilo, nayo ni kauli ya kutendea. Tunasema kisu cha kukatia nyama, kamba ya kufungia mzigo. Vivyo hivyo, rangi ya kufichia ndege, wavu wa kufichia mizinga. Askari, ambaye kweli anajificha, huvaa mavazi ya kujifichia. Herufi chache tu, ji na ia, na sentensi inakaa sawa.

Mfano wa kufichia tunao hapahapa pwani. Septemba 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, manowari ya Wajerumani Königsberg iliingia kwenye delta ya Rufiji ikiwa na injini mbovu. Mabaharia wake waliifunika kwa matawi ya miti ili ichanganyike na msitu wa mtoni. Meli za Waingereza ziliijua iko humo, zikaziba njia za kutokea, lakini kina kidogo cha maji kiliwazuia kuingia na miti ikawazuia kulenga. Wakaleta ndege. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, alikodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya kutua majini, na Novemba 1914 akaiona manowari ile kutoka juu. Ndege zilizofuata ziliteswa na joto: gundi iliyeyuka, na nyingine zilishindwa kupaa zikiwa na mabomu. Mwaka 1915 uwanja wa ndege ulitengenezwa kisiwani Mafia, na Julai ndege kutoka huko zikazielekeza kwa redio meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zilizokuwa zikipiga shabaha ambayo wapigaji wenyewe hawakuiona. Tarehe 11 Julai, Königsberg ikapigwa hadi Wajerumani wenyewe wakaizamisha.

Katika kisa hicho Wajerumani waliificha manowari, na wao wenyewe wakajificha ufukweni ndani ya mikoko. Vitenzi viwili, kila kimoja mahali pake.

Kazi ya rangi kwenye ndege ni nyembamba zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege nyingi za kivita za Uingereza zilipakwa kijani na kahawia upande wa juu, na rangi iliyopauka upande wa chini. Adui aliye juu yake huona rangi za ardhi, aliye chini huona rangi ya anga. Hapo kitenzi kinachofaa kuliko vyote ni “kufananisha”: ndege imefananishwa na mazingira. Haijafunikwa na chochote, iko wazi kabisa, ila jicho halioni inapoanzia. Wajerumani katika Vita vya Kwanza walikwenda mbali zaidi wakachapa vitambaa vya kufunikia mabawa vikiwa tayari na vipande vya rangi vyenye pembe nyingi, ili fundi asihitaji kupaka kitu.

Kuna na aina ya tatu, mbali na kuficha na kufananisha, ambayo vitabu vingi huitia kapu moja na hizo mbili. Mwaka 1917 mchoraji wa Uingereza, Norman Wilkinson, alipendekeza meli zipakwe michirizi mikubwa ya rangi zinazogombana. Ukiandika kwamba meli hizo “zilifichwa kwa rangi” umempotosha msomaji, kwani zilionekana kutoka mbali. Lengo lilikuwa nahodha wa nyambizi ashindwe kukadiria zinaelekea wapi na kwa kasi gani, ili topido lake likose. Hapo tumia “kubabaisha” au “kuvuruga jicho”. Na jangwani Misri mwaka 1942, kabla ya mapigano ya El Alamein, kundi lililoongozwa na Geoffrey Barkas liliviweka vifaru ndani ya maumbo ya turubai vikaonekana malori, kisha likatengeneza vifaru bandia na bomba la maji bandia upande wa kusini ili adui aamini shambulio lingetokea huko. Hiyo ni hadaa, na “bandia” ni neno lililoiva kwa kazi hiyo, halihitaji msaada wowote.

Huenda utaulizwa kama “rangi za kinyonga” inakubalika. Wafaransa walioanzisha kikosi cha wasanii wa kazi hii mwaka 1915, chini ya mchoraji Guirand de Scévola, kweli walivaa nembo ya kinyonga. Kama nembo ni nzuri. Kama jina la rangi nalikataa, maana kinyonga hubadilika, na ndege iliyokwisha kupakwa hubaki vilevile hata ikiruka juu ya theluji.

Kuhusu kutungua na kudungua, magazeti hutumia yote mawili na sitamkosoa mwanafunzi kwa lolote kati yake. Mwenyewe nachagua kutungua kwa ndege, kwa sababu ndicho kitenzi cha kukiteremsha kilicho juu, kama embe au kitu kilichotundikwa. Kudungua nakiacha kwa mlengaji anayempiga mtu kutoka maficho yake, ambaye tayari tunamwita mdunguaji. Sentensi ya darasani unaweza kuichukua Rufiji siku ileile ya 11 Julai 1915: ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilitunguliwa na mizinga ya Königsberg, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa redio wakati ndege ikishuka mtoni. Wote wawili waliokolewa.