Koridorasi waliokufa baada ya kubadilishiwa maji ya Ziwa Kivu

Ndugu, umesema tangi lako la lita 60 hapa Goma ulilijaza maji ya mvua, ukaweka koridorasi (kambare wadogo wa kufuga) wanne wa madoadoa juu ya mchanga mweusi wa lava, kisha ukabadilisha nusu ya maji kwa maji ya ziwa. Wawili wakafa usiku huohuo, na waliobaki sharubu zimekatika. Walikufa kwa amonia. Sharubu ni kazi ya mchanga.

Asili ya koridorasi wako, Corydoras paleatus, ni mito ya bonde la La Plata, Amerika Kusini, na maji ya pH (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) 6 hadi 7.5 ndiyo yanayomfaa. Ubaridi wetu anaupenda. Nyuzi 20 hadi 23 zinamtosha, usihangaike na kipasha maji. Shida ni pH ya Kivu, karibu 9. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Kwenye pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 inakaribia theluthi. Uchafu uliokuwa umetulia tangini uligeuka sumu palepale ulipomimina ziwa.

Changanya kwenye bidoni la lita 20: lita 18 za mvua, lita 2 za ziwa. Hizo 2 usiziache, maana moshi wa volkano ya Nyiragongo hufanya mvua yetu kuwa na asidi, na chumvi za ziwa ndizo zinazoishikilia pH isiporomoke. Robo saa ya kwanza ya mvua iache ioshe mabati. Siku moshi umetanda juu ya mji usikinge kabisa. Pima kwa karatasi ya pH kabla ya kumimina, na badilisha lita 10 tu kwa wiki.

Mchanga wa lava utoe wote. Usugue kwenye ngozi ya ndani ya mkono: ukikukwaruza, unamkata na yeye. Koridorasi huzamisha pua mpaka machoni, akameza mchanga na kuutolea kwenye matamvua, kutwa nzima. Weka sentimita 3 za mchanga laini wa mto, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Sharubu huota tena ikiwa hazijaliwa hadi kwenye shina.

Wakipanda juu mara mojamoja kumeza hewa usiogope, utumbo wao huipumua; acha nafasi chini ya kifuniko. Wakipanda mfululizo, ndipo upime maji. Kuwahamisha tumia kikombe, wavu hunasa miiba ya mapezi. Dagaa wa Kivu (sambaza) wakavu waliosagwa ni chakula kizuri, mradi hawakutiwa chumvi. Na uongeze idadi wafike 6, ila subiri tangi litulie kwanza.