Maswali ya Wasomaji: Kuwaandika Wazee wa Reli Waliotutangulia

Barua kadhaa za toleo hili, kutoka Nakuru hadi Butere, zinahusu jambo moja. Wazee wa reli wanazikwa, na karatasi zao zinaishia kuwashia jiko. Tumejibu tano.

Sisi ni wastaafu wachache wa reli. Tunataka daftari la wenzetu waliofariki, viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi wa reli na wanachama wa kawaida pia. Tuanzie wapi?
*Katibu mstaafu, Nakuru*

Ndugu Katibu, msianze na daftari, anzeni na kadi. Daftari likishajaa, jina lililochelewa halina pa kuchomekwa, na lililokosewa hubaki limekatwakatwa. Nunueni kadi ngumu za inchi 6 kwa 4, kila marehemu na kadi yake. Juu liandikwe jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na chini yake kila namna nyingine alivyoandikwa kazini. Msidharau mstari huo wa pili. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia: Baraza akawa Barasa, Odhiambo akapoteza herufi h, na wengine wakatambulishwa kwa jina la baba baada ya alama ya "s/o", yaani "mwana wa". Ndiyo maana namba ya kazi ni ya kuaminika kuliko jina, na mkiipata iandikwe kwenye pembe ya kadi.

Baada ya hapo fuateni kazi: cheo, kituo na mwaka wa kila uhamisho. Mtu aliyeanza gengi la Londiani (kikosi cha kutunza njia ya reli), akawa gadi, yaani msimamizi wa treni, Nakuru na kustaafu Kisumu ana mistari mitatu, si mmoja. Kisha chama: alijiunga lini, tawi gani, alishika wadhifa gani kuanzia mwaka upi hadi upi. Tarehe ya kifo, mahali alipozikwa, na mwisho kabisa jina la aliyewapa habari pamoja na karatasi aliyoonyesha. Lisilo na karatasi liandikwe kwa penseli mpaka litakapothibitika.

Makosa mengi hujitokeza kwenye jina la mwajiri, kwa sababu familia hukumbuka jina la mwisho tu. Mpaka 1926 ilikuwa Reli ya Uganda, kisha Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaundwa East African Railways and Harbours; 1969 bandari zikatengwa na reli; 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Novemba 2006 usafirishaji ukakabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, ukarudi kwa Shirika mwaka 2017. Kwa hiyo kadi inayosema marehemu "aliajiriwa na Shirika la Reli la Kenya mwaka 1962" ina kosa, ama la mwaka ama la mwajiri. Hivyo hivyo kwa wasifu unaosema fayamani (mtunza moto wa injini) wa miaka ya 1960 "alitia makaa kwa koleo". Injini za mvuke za wakati huo zilikuwa zikiunguza mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kurekebisha vali za mafuta na maji na kusoma geji, na haikuwa nyepesi hata hivyo.

Ushahidi bora wa uanachama ni hati ya mshahara yenye makato ya chama. Kwa viongozi, tafuteni kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, maana kila badiliko la viongozi wa chama huarifiwa huko, na magazeti ya zamani katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Tarehe ya kifo ikigoma kupatikana, pekueni Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo yake ya mirathi hutaja jina, mahali alipokuwa akiishi marehemu na siku aliyofariki, na matoleo mengi ya zamani husomeka mtandaoni. Jaribuni kila tahajia mliyoandika kwenye ule mstari wa pili. Lakini mtu ambaye familia yake haikwenda mahakamani hayumo humo, na wafanyakazi wa gengi wengi hawakuwa na mirathi ya kupeleka mahakamani. Hao mtawapata kwenye ratiba za mazishi zilizohifadhiwa ndani ya Biblia na kwenye misalaba ya makaburi. Pigeni picha zote mbili.

Vijana wameandaa bango la "mashujaa wa chama cha reli" lenye Makhan Singh, Chege Kibachia, Fred Kubai na Tom Mboya. Mimi naona haliko sawa. Nakosea?
*Msomaji, Njoro*

Hukosei. Wote wanne ni wakubwa katika historia ya wafanyakazi wa Kenya, lakini hakuna hata mmoja aliyejenga jina lake katika chama cha reli. Makhan Singh ndiye anayekaribia. Baba yake, Sudh Singh, alikuja Kenya kama fundi wa reli, lakini mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji na kuongoza Labour Trade Union of Kenya tangu 1935. Alikamatwa 1950, akaachiliwa 1961, akafariki 1973. Chege Kibachia aliongoza African Workers' Federation wakati wa mgomo mkuu wa Mombasa, Januari 1947. Wafanyakazi wa reli waligoma pamoja na wa bandari, na hapo ndipo jina lake linapochanganywa. Kubai, aliyekuwa baadaye mbunge wa Nakuru East, alitoka kwa wafanyakazi wa usafiri wa barabara. Mboya alianzia kwa wafanyakazi wa manispaa ya Nairobi.

Waambie vijana wawaweke hao juu, chini ya kichwa "Waliofungua njia", na sehemu kubwa ya bango iwe ya watu wa tawi lenu wenyewe. Picha ya Mboya inapatikana popote. Ya katibu wa tawi wa miaka ya 1970 iko kwenye sanduku moja tu. Tena wawe waangalifu na migomo: ule mgomo mrefu wa reli wa 1960 ulioongozwa na Kasanga Tumbo ulikuwa wa Tanganyika, ingawa mwajiri alikuwa yule yule.

Picha ya marehemu mume wangu akiwa na kamati ya chama imeganda kwenye kioo cha fremu. Naogopa kuichana.
*Mjane, Muhoroni*

Pole sana, mama. Usiivute, usiilowanishe, usiipashe moto. Unyevu wa bonde hilo hulainisha utando wa juu wa picha, ule wenye sura, ukashikana na kioo. Ukiivuta, karatasi inakuja mikononi na sura zinabaki kwenye kioo.

Mwombe kijana akusaidie kutoa fremu na kadibodi ya nyuma tu. Picha na kioo vibaki pamoja. Mkavisomeshe kwenye skana, kioo kikiwa chini, kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 2 kwa 3 itatoa nukta 1,200 kwa 1,800, zinazotosha kuchapisha kubwa maradufu bila kupoteza sura. Kama skana haipo, simu inatosha. Weka picha kivulini karibu na mlango, zima flashi, na uning'inize kitambaa cheusi nyuma ya mpiga picha ili kioo kisirudishe mwanga. Simu ilingane sawa na picha, isiinamishwe.

Nakala mpya ndiyo itundikwe ukutani. Iliyo asili ilazwe kwenye droo kavu, imefungwa kwa karatasi nyeupe safi, si gazeti, maana gazeti lina asidi na huacha rangi ya njano. Usiitie plastiki ya moto, na selotepu isiiguse. Kabla ya yote, ketini na mzee yeyote anayewatambua waliomo, mwandike majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza.

Baba alikuwa baharia wa meli ya ziwani, Kisumu. Wengine wanasema si mtu wa reli. Aingie kwenye orodha?
*Binti, Kisumu*

Aingie. Huduma ya meli za Ziwa Victoria ilikuwa chini ya reli, na MV Uhuru ilijengwa mahsusi kubeba mabehewa. Mwandike kwa cheo chake melini na jina la meli. Usimgeuze kuwa "mfanyakazi wa stesheni" ili aonekane amefaa.

Tunataka ubao wa majina kwenye landhi (nyumba za wafanyakazi) za reli. Ukubwa gani, na tuutengeneze kwa nini?
*Kamati, Butere*

Kwanza mahali. Nyumba hizo si mali yenu, na ukuta unaoshikilia ubao leo unaweza kubomolewa. Pateni ruhusa kwa maandishi, au afadhali zaidi muutundike kwenye ukumbi wa kanisa au wa jamii ambao hautahamishwa.

Shaba nyekundu na ya njano huibwa na wauza vyuma chakavu. Tumieni mvule uliokauka vizuri au bamba la jiwe. Mbao mbichi hupinda na kupasua herufi ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo michirizi myekundu itashuka juu ya majina.

Ubao wa urefu wa milimita 1,200 na upana wa 900 unatosha majina 50. Hesabu ni hii: toeni 200 za kichwa na 100 za kingo za juu na chini, zinabaki 900. Kila mstari upewe 35, herufi zikiwa na kimo cha 20, mnapata mistari 25 katika safu mbili. Kila safu inabeba herufi 26 hivi, yaani jina na miaka miwili tu. Mkitaka na kituo alichofanyia kazi, wekeni safu moja.

Pangeni kwa mwaka wa kufariki, si kwa alfabeti wala kwa cheo. Mpangilio wa alfabeti unaharibika jina la kwanza jipya linapoongezwa, na wa cheo huleta ugomvi kabla rangi haijakauka. Acheni mistari 15 wazi chini, na mmlipe fundi mapema kwa kiolezo cha herufi zile zile, kibaki mikononi mwa mweka hazina.