Kabla ya kutaja karuho, mpimeni sukari

Wiki hii mumetuuliza kama tunaweza kutambua aina za kisukari na dalili zake. Dalili tunaziona, ndugu zangu. Shida yetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni kwamba mtu akikonda ghafla, jibu tunalo tayari: amelishwa karuho, ile sumu ambayo watu huamini mtu hutiliwa kwa siri.

Kijana wa jirani yangu kule mtaani Kadutu alianza kwa kiu. Wadogo zake wakipandisha bidoni ya maji kutoka bombani, yeye anaimaliza karibu peke yake. Usiku hakosi kutoka kukojoa, na godoro likaanza kulowa tena, mtoto wa miaka 14! Bugali alikula kumpita baba yake, lakini suruali zikawa zinamvuka. Mama yake akaniambia: «Mama Furaha, mutoto wangu balimulisha.» Koko yake, yaani nyanya yake, ambaye mwenyewe ana kisukari tangu zamani na kiu ile anaijua, akakataa: sukari ni ya wazee wanene, si ya mtoto mwembamba. Basi wakampeleka kwa mtoa sumu, yule wa kienyeji anayedai kuiondoa mwilini, akanyweshwa majani atapike. Akatapika, mwili ambao ulikuwa umekauka tayari. Siku iliyofuata alikuwa akihema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini walipomtoboa kidole, mashine ilishindwa kuandika namba. Sukari ilikuwa imepita kipimo chake.

Alipona. Anajidunga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kila siku, kwa sababu aina yake ni ya kwanza: kinga ya mwili imeharibu seli za kongosho zinazoitengeneza, na vidonge vya koko haviwezi kuziba pengo hilo. Ya koko ni aina ya pili, inayonyemelea miaka mingi kwa ganzi ya miguu, macho yenye ukungu, kidonda kisichopona. Ile ya mimba mara nyingi haioneshi chochote, kwa hiyo mama mjamzito apimwe tu.

Nilitaka kuandika kwamba watoa sumu wafungiwe milango. Lakini hofu ya karuho haitatoka kwetu kwa kukatazwa, na mama yule alikuwa akimpigania mwanawe. Aogope sumu akitaka, ila kidole kitobolewe kwanza. Si kila anayekonda ana sukari. Kifua kikuu na SIDA (UKIMWI) hukondesha pia, na hayo waganga wa hospitali watayatafuta. Kwa mwenye dalili hizi, sukari ya miligramu 200 au zaidi kwa desilita ya damu saa yoyote inatosha kusema ni kisukari. Mtoto akishaanza kutapika na kuhema namna ile, apelekwe hospitali usiku uleule.