Soko la pamoja liliishia mlangoni kwa fremu yangu

Juzi kijana mmoja wa Barani kaniandikia inboksi, "kaka, nataka nivuke nikafungue duka la kutengeneza simu Tanga, si sisi ni EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, si soko ni moja?" Nikacheka, alafu nikanyamaza, manake hayo ndo maneno niliyomwambia mamangu siku nafunga begi.

Skiza mdogo wangu. Mimi ni fundi simu na hapa Malindi wananijua, bodi mafundi watatu wameirudisha mimi naiamsha. Tanga nina ukoo upande wa mama kwa hivyo nilipofika Ngamiani sikujiona mgeni, Kiswahili hicho hicho, pweza yule yule, nikachukua fremu, yaani chumba cha duka, nikaweka mashine yangu ya hewa moto, kazi ikashika. Leseni iliandikwa jina la shemeji yangu. Kibali cha kazi kule ni pesa nyingi, na yeye mwenyewe akasema sisi ni ndugu, makaratasi ya nini. Mkataba hakuna, tulikunywa kahawa tu.

Miezi ya raha naruka. Julai 2025 likatoka tangazo la serikali yao, biashara 15 mgeni haruhusiwi kufanya, na kutengeneza simu imo, pamoja na uwakala wa pesa za simu, saluni, kuongoza watalii. Faini kuanzia milioni 10 za kwao au jela mpaka miezi 6. Lakini kilichonimaliza ni kifungu kingine, kwamba raia atakayemsaidia mgeni naye ana faini yake ya milioni 5 na miezi 3. Shemeji alisoma hicho tu. Asubuhi nafika nakuta kufuli mpya. Hakuna askari aliyenigusa wallahi, ni kufuli.

Nilirudi na hasira na Tanzania nzima. Alafu nikakaa nikaanza kusoma, na ukweli ni kwamba hawa jamaa hawakutudanganya popote. Itifaki ya soko la pamoja imeanza kazi 1 Julai 2010 lakini kila nchi iliambatisha orodha yake, kazi gani inamfungulia nani, na Tanzania ilifungua kidogo tu, ardhi ndo kabisa hawakutaka kuskia. COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, walitoka 2000 wakabaki SADC, jumuiya ya nchi za kusini. 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipokua zinakutana zenyewe kupanga reli na viza, Kikwete, rais wao wakati huo, alisimama bungeni akalalamika wanatengwa ila akasema hawatoki. Ndani hawako, nje hawako. Mzee anayekumbuka 1977 jumuiya ya kwanza ilipovunjika, mpaka wetu na wao ukafungwa hadi 1983, hashangai hata kidogo. Na tusijifanye malaika, Machi 2021 ni Kenya iliyozuia mahindi yao kwa ajili ya sumukuvu.

Kwa hivyo ushauri wangu, soma. Soma sheria ya kule unakokwenda, sio hotuba za Arusha kwenye makao ya EAC. Soma leseni ina jina la nani. Kama ni kuuza vitu, uza ukiwa huku kwako, bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha na zisizozidi dola 2000 zina cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa, unakipata pale pale mpakani. Vijana wa pwani tunapenda sana kusema sisi ni wamoja toka Lamu mpaka Mtwara, sawa, ni kweli, lakini karatasi mtu hasomi, anatanguliza undugu, anatanguliza salamu, akifungiwa analia. Soma kwanza.

Idi iliyopita shemeji kanitumia ujumbe. Mashine yangu iko salama, ameifunika kitambaa, na fundi aliyemuweka anauliza ile bodi ya Samsung iliyobaki mezani aianzie wapi. Nimejibu hilo la bodi tu.